Mandhari ya mji katika hadithi za picha

Mandhari ya mji katika hadithi za picha ni mitaa, majengo, vyombo vya usafiri, maandishi, mwanga na watu wanaochorwa kuwazunguka wahusika ili msomaji ajue tukio linatokea wapi. Hutumika katika katuni za magazetini, vitabu vya hadithi za picha, vitabu vya watoto na filamu za katuni.

Mji unaochorwa unaweza kuwa wa kubuni au mji halisi. Ukiwa mji halisi, mchoraji ana jukumu la ziada: watu wanaouishi wataitambua mitaa yao, au watatambua kwamba si yao. Kwa sababu hiyo wachoraji wengi hufanya uchunguzi kabla ya kuchora. Huenda mahali penyewe, hukusanya picha na ramani, na huwauliza wenyeji.

Uhalisia wa mandhari si sawa na wingi wa mistari. Mchoro wenye mistari michache unaweza kutambulika mara moja, ilhali mchoro uliojaa madirisha na matofali unaweza kuwa wa mji wowote duniani. Linalotofautisha ni uteuzi wa mambo ambayo kweli ni ya mahali hapo.

## Historia

### Kabla ya hadithi za picha za kisasa

Kuchora mji kwa namna inayotambulika kulianza zamani kabla ya katuni. Mwanzoni mwa karne ya 15 mjini Firenze, Italia, msanifu majengo Filippo Brunelleschi alionyesha jinsi ya kuchora majengo kwa kufuata kanuni za mtazamo, yaani namna mistari inayokwenda mbali inavyoonekana kukutana kwenye nukta moja. Kanuni hizo bado ni msingi wa kuchora mitaa.

Katika karne ya 18 Canaletto (1697–1768) alipata umaarufu kwa picha za mji wa Venezia, ambazo wasafiri walizinunua kama kumbukumbu. Picha zake huonekana sahihi kabisa, lakini mara nyingine alisogeza majengo ili picha ikae vizuri. Huko Japani, Utagawa Hiroshige alitengeneza mfululizo wa picha zaidi ya mia moja za mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, kati ya miaka 1856 na 1859. Alionyesha madaraja, mvua, maduka na sherehe za mitaa kwa majira ya mwaka.

### Hergé: kutoka Kongo hadi Shanghai

Mfano unaotajwa sana katika historia ya jambo hili ni wa Hergé (1907–1983), mchoraji kutoka Ubelgiji aliyebuni mhusika Tintin. Hadithi yake iliyohusu Kongo ilitoka gazetini kuanzia 1930 hadi 1931. Hergé hakuwa amefika Kongo. Alitegemea vitu vya makumbusho na mawazo yaliyoenea Ubelgiji wakati wa ukoloni. Matokeo yake ni nchi isiyo na miji yenye maisha yake wala watu wenye sura zao binafsi, na kitabu hicho kimelaumiwa kwa miaka mingi kwa jinsi kinavyowaonyesha Wakongo.

Alipoandaa hadithi ya China, iliyotoka 1934–1935 na kujulikana kama *Le Lotus bleu*, alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana kutoka Shanghai aliyekuwa akisoma sanaa mjini Brussels. Zhang alimweleza maisha ya nchi yake, akamwonyesha namna ya kuchora vitu vya Kichina, na akaandika mwenyewe maandishi ya Kichina yanayoonekana kwenye mabango ya mitaani. Baadhi ya mabango hayo yana ujumbe wa kupinga ubeberu na kususia bidhaa za Japani, iliyokuwa ikiingilia China kijeshi wakati huo. Msomaji wa Ulaya aliyaona kama mapambo, lakini aliyejua Kichina aliweza kuyasoma.

Tofauti ya vitabu hivyo viwili haitokani na ustadi wa mkono tu, kwa kuwa vilichorwa na mtu mmoja kwa miaka michache iliyopishana. Katika kitabu cha pili kulikuwa na mwenyeji aliyeulizwa na kusikilizwa.

Miaka mingi baadaye, wachapishaji wa Uingereza walipotaka kutoa hadithi ya Tintin inayotokea nchini mwao, *L'Île noire*, walimpelekea Hergé orodha ya makosa 131 kuhusu jinsi Uingereza ilivyoonyeshwa. Mwaka 1961 alimtuma msaidizi wake, Bob de Moor, aende kuchora na kupiga picha mahali husika. Kitabu kikachorwa upya na kutolewa mwaka 1966.

### Baada ya hapo

Mwaka 1978 Will Eisner alichapisha *A Contract with God*, hadithi za wakazi wa nyumba za kupanga katika mtaa wa Bronx, New York, alikokulia. Barabara ya Dropsie inayotajwa humo ni ya kubuni, lakini ngazi, mabomba, taka na kamba za kuanikia nguo zimetoka katika kumbukumbu zake. Nchini Ufaransa, Jacques Tardi alijulikana kwa kuchora Paris ya zamani, kuanzia hadithi za Adèle Blanc-Sec mwaka 1976. Kuanzia 1982 alichora pia riwaya za upelelezi za Léo Malet, ambazo hutokea katika wilaya halisi za mji huo.

## Vyanzo vya mchoraji

* Kuchora mahali penyewe. Mchoraji hukaa mtaani na daftari. Kazi hii ni ya polepole, na kwa hiyo humlazimisha kuona mambo ambayo kamera huyapita: nani anapita saa ngapi, kivuli kinahamia wapi, watu hukaa upande gani wa barabara. Tangu 2007 kuna mtandao wa kimataifa wa wachoraji wa namna hii, Urban Sketchers, ulioanzishwa na Gabriel Campanario mjini Seattle, Marekani.
* Picha. Picha husaidia kwa vipimo na vitu vidogo. Kasoro yake ni kwamba lenzi hupindisha mistari ya pembeni, na picha nyingi zinazopatikana kwa urahisi ni za watalii. Anayetegemea hizo tu huishia kuchora minara na sanamu, si mji.
* Ramani na picha za barabarani za intaneti. Ramani huonyesha upana wa barabara na mahali zinapokutana. Huduma ya Google Street View, iliyoanza 2007, humwezesha mchoraji kutazama mitaa ya mbali. Hata hivyo kamera yake kwa kawaida hubebwa juu ya paa la gari, kwa hiyo huona kutoka juu zaidi ya macho ya mtembea kwa miguu, na vichochoro visivyopitika kwa gari huachwa.
* Wenyeji. Hawa ndio wanaojua kile kisichoonekana pichani: jina ambalo watu hulitumia badala ya jina la kwenye kibao, duka lililokuwa hapo zamani, na njia ya mkato.

## Mambo yanayotambulisha mji

### Umbo la ardhi na mpangilio wa mitaa

Kila mji una umbo lake. Kariakoo, Dar es Salaam, imepangwa kwa barabara zilizonyooka zinazokatana kama gridi, hivyo mchoraji anaweza kuonyesha barabara ndefu inayoishia mbali. Mji Mkongwe wa Zanzibar una vichochoro vyembamba vinavyopinda, na macho hayafiki mbali kabla ya kukutana na ukuta. Anayechora kichochoro cha Mji Mkongwe kikiwa kimenyooka hadi upeo wa macho amekosea, hata kama kila mlango ameuchora vizuri.

### Majengo

Jengo hueleweka vizuri likijulikana limejengwa kwa nini na kwa sababu gani. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Mchoraji asiyejua hilo atachora ukumbi mpana ambao usingeweza kujengwa. Milango ya nakshi nayo ina aina zake: mingine ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mingine ina tao lenye asili ya Kihindi.

Vivyo hivyo, nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma na baraza mbele. Mengi ya maisha hutokea barazani na uani. Hadithi inayowaweka wahusika wote sebuleni kwenye makochi huwa imeazima nyumba ya mahali pengine.

### Magari na upande wa barabara

Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto, na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo magari hupita kulia. Kosa katika jambo hili huonekana mara moja kwa mkazi, kwa sababu abiria hushuka upande usiofaa.

Usafiri wa umma ni alama nyingine. Daladala za Dar es Salaam hupakwa mistari ya rangi kulingana na njia zake. Matatu za Kenya zilitakiwa kuwa na mstari wa njano kuanzia 2004, na nyingi za Nairobi zinajulikana kwa michoro na muziki. Mabasi madogo ya Lagos, yanayoitwa danfo, ni ya njano yenye mistari myeusi. Aina ya gari huonyesha pia wakati: basi la mwendokasi, lililoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, haliwezi kuonekana katika hadithi ya miaka ya 1990.

### Maandishi

Mji umejaa maandishi: majina ya maduka, matangazo, misemo nyuma ya magari, vibao vya "hapauzwi". Maandishi hayo huonyesha lugha za mahali na namna zinavyochanganywa. Mchoraji asiyejua lugha mara nyingi huchora alama zisizo na maana, na msomaji mwenyeji hutambua kwamba kitabu hakikumlenga yeye.

Tatizo lingine lilitokea hadithi za Japani zilipochapishwa Marekani, hasa miaka ya 1980 na 1990. Kwa kuwa Wajapani husoma kurasa kutoka kulia kwenda kushoto, wachapishaji wengi waligeuza kurasa kama katika kioo. Magari ya Tokyo, ambayo hupita kushoto, yakaonekana yanapita kulia.

### Mwanga na hali ya hewa

Mwanga hutofautiana kwa mahali. Karibu na ikweta jua la mchana huwa karibu utosini, vivuli ni vifupi, na giza huingia haraka baada ya jua kutua. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini, na mwezi wa Desemba liko kusini. Mchoro wenye vivuli virefu saa sita mchana na machweo ya muda mrefu unafaa miji ya Ulaya ya kaskazini, si Mombasa.

### Watu na shughuli zao

Mitaa mitupu ni kasoro ya kawaida. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki barabara ni soko, karakana na kibaraza cha mazungumzo. Mama lishe, mafundi cherehani, wauza mitumba, wacheza bao, bodaboda wanaosubiri abiria na wanafunzi wenye sare ni sehemu ya mandhari kama yalivyo majengo. Saa nayo ina maana: mtu yule yule hawezi kuuza chapati za asubuhi na mishikaki ya usiku katika picha moja.

## Miji iliyotoweka

Kazi huwa ngumu zaidi mji unapokuwa haupo tena. Filamu ya katuni *Kono sekai no katasumi ni*, iliyoongozwa na Sunao Katabuchi mwaka 2016 kutokana na hadithi za picha za Fumiyo Kōno, inaonyesha miji ya Hiroshima na Kure kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sehemu ya mwanzo inapita mtaa wa Nakajima, uliokuwa wa maduka na nyumba za watu. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la nyuklia liliuangamiza mtaa huo. Leo mahali hapo ni bustani ya kumbukumbu ya amani.

Katabuchi na wenzake walitafuta picha za kale na kuzungumza na watu waliowahi kuishi huko, ili kila duka likae mahali pake. Jengo moja linaloonekana humo, lililokuwa duka la kimono, bado limesimama ndani ya bustani. Kwa watazamaji wengi ni mandhari ya kupendeza tu. Kwa waliopoteza jamaa zao ni mtaa wao uliorudishwa kwa dakika chache. Hapa usahihi si suala la urembo. Bustani ya leo huwafanya wageni wengi wadhani kwamba bomu liliangukia mahali patupu, na mchoro unaonyesha kwamba palikuwa na watu.

Joe Sacco alikabili jambo linalofanana katika *Footnotes in Gaza* (2009), kuhusu matukio ya mwaka 1956 katika miji ya Khan Younis na Rafah. Aliwahoji wazee na kutumia picha za zamani za kambi za wakimbizi ili kujua nyumba zilionekanaje wakati ule. Katika *From Hell*, kuhusu mauaji ya London ya mwaka 1888, Alan Moore na mchoraji Eddie Campbell waliongeza maelezo marefu mwishoni mwa kitabu, wakionyesha yapi yametokana na kumbukumbu za kihistoria na yapi wameyabuni. Jason Lutes alitumia zaidi ya miaka ishirini, 1996 hadi 2018, kuchora *Berlin*, kuhusu mji huo kabla na wakati wa kuingia madarakani kwa Wanazi.

## Miji ya Afrika

Mwaka 2005 mwandishi Marguerite Abouet na mchoraji Clément Oubrerie walitoa kitabu cha kwanza cha *Aya de Yopougon*. Hadithi inatokea mwishoni mwa miaka ya 1970 katika Yopougon, mtaa wa watu wa kawaida mjini Abidjan, Cote d'Ivoire. Abouet alizaliwa Abidjan na kuhamia Ufaransa akiwa na umri wa miaka 12. Kitabu kinaonyesha nyua, migahawa ya wazi, vitambaa vya nguo na taa za usiku, na mwishoni kina maelezo ya maneno na mapishi. Mwaka 2006 kilipata tuzo ya kitabu bora cha kwanza katika tamasha la Angoulême.

Nchini Kenya jarida la *Shujaaz*, lililoanza 2010 na kugawiwa bure, lilitumia Sheng na mitaa ambayo vijana wa Nairobi huijua. Mhusika wake mkuu, Boyie, anaendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake.

*Iwájú* (2024) ni mfululizo wa katuni uliobuniwa na kampuni ya Kugali, ambayo waanzilishi wake wanatoka Nigeria na Uganda, kwa ushirikiano na Disney. Unaonyesha Lagos ya siku zijazo. Ingawa magari yanaruka, mji unatambulika kwa sababu umebeba tofauti halisi kati ya wakazi wa visiwani na wale wa bara.

## Miji ya kubuni yenye msingi halisi

Baadhi ya wasanii huchukua mji halisi kama kielelezo bila kuutaja. Kwa filamu *Ghost in the Shell* (1995), Mamoru Oshii na wasanii wake walitumia Hong Kong: mabango yaliyorundikana, mifereji ya maji, majengo mapya yaliyoota juu ya mitaa michakavu. Mji wa filamu ni wa kubuni, lakini hauonekani kama umejengwa jana.

Kinyume chake hutokea pia. Mandhari iliyochorwa kwa usahihi huwavuta wasomaji kwenye mahali halisi. Baada ya filamu *Kimi no na wa* ya Makoto Shinkai (2016), mashabiki wengi walikwenda Tokyo kupiga picha kwenye ngazi zilizo karibu na hekalu la Suga, zinazoonekana mwishoni mwa filamu hiyo.

## Makosa ya kawaida

* Kutumia jengo moja maarufu kuwakilisha mji mzima, na kuliweka lionekane kutoka kila dirisha.
* Kuchanganya nyakati, kwa mfano kuchora simu za mkononi au majengo mapya katika hadithi ya zamani.
* Kuchanganya miji, hasa kuchora "mji wa Kiafrika" usio wa nchi yoyote.
* Kuchora umaskini tu, au utajiri tu, mahali ambapo vyote vipo jirani.
* Kuchora vitu vyote vikiwa vipya. Mji halisi una kuta zilizopakwa rangi upya nusu, nyaya zilizoongezwa na vibao vilivyofutika.
* Kujaza kila picha kwa mambo yaliyochunguzwa hadi wahusika wasionekane. Mara nyingi picha moja pana mwanzoni mwa tukio hutosha, kisha vitu viwili au vitatu hukumbusha mahali.

## Umuhimu

Wasomaji wengi hufahamu miji ya mbali kwa mara ya kwanza kupitia michoro. Mtoto aliyesoma kuhusu Paris, New York au Tokyo katika hadithi za picha hufika huko akiwa na ramani kichwani. Miji ambayo imechorwa mara chache, au imechorwa na watu wasioifahamu, haina nafasi hiyo, na wakazi wake hukua wakisoma hadithi zinazotokea kwingine.

Michoro huweza pia kuwa kumbukumbu. Miji ya Afrika Mashariki inabadilika haraka: nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimepisha maghorofa, na aina za magari na maduka hupotea bila kupigwa picha. Mchoraji anayechora kwa uangalifu mtaa wa leo anawaachia watakaokuja baadaye ushahidi wa jinsi watu walivyoishi.

## Tazama pia

* Katuni
* Uchoraji
* Usanifu majengo
* Mji Mkongwe wa Zanzibar
* Hergé